Umeme wa Angani Bado Haujafika

Fusae na mumewe Tokuji walikuwa wazee. Walikaa ghorofa ya pili katika mji uitwao Uji. Agosti hiyo joto lilikuwa kali tangu asubuhi. Ukutani mwao kulikuwa na kiyoyozi kizima, lakini kiliwashwa kwa ajili ya wageni tu. Mgeni akishuka ngazi, Tokuji alikizima.

"Baba Yasuko, leo tuwashe hata saa moja," Fusae alisema.

"Hujaona bei ya umeme ilivyopanda? Gazeti linasema umeme wa jua utaletwa kutoka angani. Huko juu hakuna mawingu. Ukifika, nitawasha mpaka uvae sweta!"

"Na usipofika mwaka huu?"

"Majira ya joto sabini na tisa nimeyashinda. Haya yatanifanya nini?"

Saa sita Fusae alimletea tambi baridi. Tokuji hakushika vijiti vya kulia. Uso ulikuwa mwekundu, ngozi kavu na ya moto.

"Mama," alimwambia mkewe, "mbona hujafunga duka?"

Hawakuwahi kuwa na duka.

Fusae alishika simu, kisha akairudisha chini. Gari la wagonjwa lingekuja na king'ora. Jengo zima lingeshtuka. Aliona aibu. Akakimbia kugonga mlango wa jirani, Chinatsu. Dada huyo alifanya kazi mahali wanapojaribu kupokea umeme unaotumwa bila waya.

"Bibi, umeita gari?"

"Nilitaka kuwaomba waje bila king'ora, majirani wasi..."

"Bibi! Waache wapige! Majirani watakereka dakika moja. Babu je, ukimkosa?"

Chinatsu alipiga simu palepale. Akawasha kiyoyozi, akamlaza Tokuji na kumlegeza nguo. Waliweka taulo zenye barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Fusae alichukua kikombe cha maji.

"Hapana, Bibi. Amechanganyikiwa, yatamwingia mapafuni. Mmwagie mwilini, umpepee."

Fusae alipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Tokuji aliacha kuongea. "Usilale," alimwambia. "Baba Yasuko, nigombeze basi!"

Hatimaye king'ora kikasikika. Milango ilifunguliwa, lakini hakuna aliyenung'unika. Kikue, mjane wa ghorofa ya chini, alitoka na mwavuli wake akamkinga mgonjwa jua mpaka garini.

Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu, wasingemwokoa. Tokuji alirudi nyumbani siku ya tano, amekonda. Chinatsu alikuja kumwona.

"Huo umeme wenu," Tokuji alimwuliza kwa sauti ndogo, "unakuja lini?"

"Sijui, Babu. Paneli zinakaa juu sana, zinakusanya nguvu ya jua, kisha zinaituma kwa mawimbi kama ya redio. Chini, antena inayapokea na kuyageuza umeme. Inawezekana, lakini mpaka sasa ni majaribio madogo. Kurusha mizigo yote hiyo kwa roketi ni ghali mno. Hata mimi ninayefanya kazi hiyo nalipia umeme uleule unaolipia wewe."

Tokuji alicheka, akakohoa.

"Ukitaka kupunguza bili," Chinatsu aliendelea, "anza na hiki." Alichomoa kichujio cha kiyoyozi. Kilikuwa na vumbi nene kama blanketi. "Kisafishe kila wiki mbili. Tundika pazia la matete nje ya dirisha, jua lisiguse kioo. Feni isambaze ubaridi. Usiwashe na kuzima kila mara. Chumba kisizidi nyuzi ishirini na nane. Na usingoje kiu ndipo unywe maji."

Fusae aliosha kichujio siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi bili ilikuwa juu kidogo, si kama Tokuji alivyohofia. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

Na sasa, kila saa sita mchana, Tokuji alimpigia simu Kikue.

"Umewasha kiyoyozi?"

"Nimewasha, Mzee."

"Sogeza simu karibu nacho, nikisikie."

Halafu Fusae, aliyekaa kando ya mumewe, alisikia kwenye simu nyayo za Kikue zikitembea haraka, kitufe kikibonyezwa, na mashine ikianza kuvuma.