Pete ya Kupimia

"Nakhu, naomba unirudishie ile pete."

Nakhumicha aliacha kuchambua kunde. Dadake Roseline, aliyekuwa akipiga pasi humo humo kwenye chumba chao cha mtaa wa Tena, akasahau pasi juu ya sketi yake ya kanisa.

"Umesema?"

"Pete. Ile ya Jumamosi. Ni ya siku mbili tu, halafu nakuletea."

"Kwani Muthama, pete ya uchumba huwa inaazimwa?"

Muthama akatazama kunde. Mchongaji huyu wa soko la Gikomba angetoa twiga kwenye gogo bila kuchora hata mstari, lakini uongo haukuwa fani yake.

"Ina ufa. Nataka kuisugua."

Nakhumicha akakigeuza kidole mbele ya dirisha. Pete nyeusi ya mpingo ikang'aa pande zote.

"Ufa uko wapi?"

"Ni... ufa wa ndani."

"Huo wa ndani ni wako!" Roseline akadakia. "Mwanamume akidai pete, amepata kidole kingine. Ni nani? Ni yule Mutheu?"

"Shem, Mutheu ni binamu yangu!"

"Kuna kitu kinaungua," Nakhumicha alisema, na hapo Roseline akairukia pasi akipiga mayowe. Nakhumicha hakumtazama. Alisema kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko kelele, "Toka, Muthama. Na watu wenu wasije Jumapili."

Asubuhi yake karakanani, rafiki yake Kilonzo alicheka mpaka patasi ikamtoka mkononi.

"Ngoja buda, nielewe. Ile pete haikuwa pete?"

"Ilikuwa sampuli! Sonara Aden kule Eastleigh alikataa kukadiria kidole. Akasema nimletee kitu kinachokitosha. Nikachonga. Nilipanga nimvishe kwa utani, nione imemkaa, nivue, niende zangu. Ya dhahabu nimvishe Jumapili mbele ya wazee."

"Ukamvisha."

"Nikamvisha. Kabla sijavua, akasema ndiyo."

"Ulikuwa umemuuliza?"

"Sikuwa nimeuliza chochote! Alisema ndiyo, akalia, Roseline akapiga vigelegele, ploti nzima ikaja na soda. Ningesema nini, bana? 'Samahani majirani, nilikuwa napima'?"

"Wewe hata mguu wa stuli unaupima kwa futi. Kwa mke ndio umepima kwa utani?" Kilonzo akajipangusa machozi. "Mwambie ukweli."

"Ataona nilimchezea. Alilia, Kilonzo. Alililia kipande kilichobaki nilipochonga mguu wa kifaru!"

"Na sasa hivi unadhani anacheka?"

Muthama akainuka. Alitoka na vumbi lake hadi kibanda cha simu, akapigia kiwanda cha biskuti alikofanya kazi Nakhumicha. Bawabu alimwita Nakhumicha kama anayeita watu wa kijiji kizima.

"Ongea haraka," Nakhumicha akasema. "Msimamizi ananiangalia."

"Nakhu, ile pete ilikuwa ya kupimia."

"Kupimia nini?"

"Kidole chako. Aden, sonara wa Eastleigh, akutengenezee ya dhahabu. Sikuwa nimepanga kukuchumbia siku hiyo. Ni wewe uliharakisha."

Mwanamume mwenye akili angekata simu hapo. Lakini huyu ndiye tuliye naye.

"Mimi niliharakisha?"

"Hapana! Namaanisha... ulisema ndiyo kabla sijauliza. Nilifurahi mpaka nikaogopa kukuambia kwamba sikuwa nimeuliza. Hakuna kidole kingine, Nakhu. Nakuapia."

Simu ikaanza kulia ti-ti-ti, ikidai sarafu nyingine. Alipapasa mifuko yote akapata maranda tu.

"Muthama."

"Naam!"

"Natoka saa kumi na moja. Ningojee kwa huyo sonara wa—"

Simu ikakatika.

Duka la Aden lilikuwa finyu, na jioni hiyo lilijaa kwa watu watatu tu.

"Vua hiyo nipime," Aden alisema.

"Haivuliwi," Nakhumicha akajibu. "Pima hivi hivi."

Aden akamtazama Muthama. Muthama akatazama dari. Sinia ya pete ikawekwa mezani: za maua, za mawe mekundu, nyingine ina moyo mnene kama andazi.

"Chukua hii, Nakhu," Muthama akasema, akishika iliyokuwa pana kuliko zote. "Inaonekana hata ukiwa mbali kule Njiru."

"Hiyo itamfunika mwenzake wa mti."

Alizijaribu moja moja juu ya ile ya mti, akizirudisha bila haraka, mpaka akafika kwa ile nyembamba kabisa, isiyo na ua wala jiwe. Ikakaa sambamba na nyeusi kama zimezaliwa pamoja.

"Dada, mbili kidole kimoja?" Aden akauliza.

"Ya dhahabu ni ya kuonyesha wazee. Ya mti ndiyo niliyoitikia."

Muthama akageuza uso. Akajifanya anapangusa vumbi jichoni, na kwa bahati vumbi kweli alikuwa nalo.

"Sasa uliza," Nakhumicha akasema.

"Niulize nini?"

"Mimi nilijibu swali ambalo hujauliza. Uliza, tuwe sawa."

Muthama akapiga goti hapo hapo, maranda yakimdondoka kwenye nywele.

"Nakhumicha, utakubali niwe mume wako?"

"Ngoja kwanza nifikirie."

Aden akaacha kufunga kisanduku. Muthama akaacha kupumua.

Ndipo Nakhumicha akaangua kicheko, akamshika kola na kumwinua.

"Jumapili watu wenu waje mapema," akasema. "Na waje na sketi mpya ya Roseline."