Eksteno Iliyommeza Mama

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili, na nina kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu hapa Majengo, Mpanda. Sauti za watu ndiyo kazi yangu. Nasema mapema ili mjue sikuwa mshamba wa mambo haya...

Mama yangu aliishi Katumba, makazi ya waliokuwa wakimbizi kutoka Burundi. Kila mjukuu aliyezaliwa alimtungia wimbo wake wa kubembelezea, kwa Kirundi, na wa huyu hakumwimbia yule. Mdogo wangu Odeta ndiye pekee aliyekuwa bado hajapata mtoto. Maneno ya mawifi aliyameza miaka mingi. Hatimaye akashika mimba... na mama akaanza kuugua!

Mama alijua hatamwona huyo mtoto. Akaniita niurekodi wimbo wake kwa simu, akanikataza kuupiga kabla mtoto hajazaliwa. Aliimba ameegemea ukuta, huku akikohoa. Alipomaliza akaniuliza, "Umeshauweka, mwanangu?"

"Nimeuweka, mama."

Simu yangu ilikuwa inazimazima, na kompyuta ya kibandani ilishajaa. Nikaamua kununua eksteno, ile diski ndogo ya kubeba unayoichomeka kwenye kompyuta kuhifadhi mafaili. Dukani mjini ilikuwepo nzuri, ndogo kwa nafasi, na bei yake ikanitisha. Rama, jirani yangu wa kibanda, mtu tuliyekula naye sahani moja, alikuwa nayo ya terabaiti mbili kwa nusu ya bei ile.

"Dada, wewe wa kwetu, ndo maana nakupa," alisema. Ningekataaje?

Fundi simu wa mtaani kwetu alinionya niijaze kwanza mafaili ya ovyo, kisha nifungue yale ya mwanzo nione kama yanacheza. Nikamcheka! Si kompyuta yenyewe imeonyesha terabaiti mbili? Nikahamishia humo sauti ya mama, kwenye simu nikaifuta.

Ukafika msimu wa malipo ya tumbaku. Vijana wakamiminika kutoka vijijini, kila mmoja anataka nyimbo mpya, nami nikawa nazirundika kwenye eksteno ileile. Katikati ya msimu huo mama akafariki, na kabla hatujamaliza matanga Odeta akajifungua salama, mtoto wa kike.

Siku ya kumaliza matanga alikuja na kichanga chake. Ndugu walijaa uani, Rama naye akiwemo. Nikaunganisha spika. Jina la faili lilikuwepo palepale: Mama, wimbo wa mtoto. Nikabonyeza.

Ukalipuka muziki wa disko!

Wanawake wakaziba midomo. Kichanga kikaangua kilio. Nikabonyeza tena na tena, disko ni lilelile... Odeta alinitazama kama hanijui. Nikageuka kumtafuta Rama, nikamkuta ameshainamisha macho. Jamani, kikulacho ki nguoni mwako!

Fundi aliifungua ile eksteno. Ndani mlikuwa na kimemori kadi kidogo kilichogandishwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuipa uzito. Ilidanganya ukubwa wake. Ilipojaa, kila wimbo mpya ulijiandika juu ya wa zamani. Kumbe kila nilipomhudumia mteja, nilikuwa namfuta mama yangu!

Rama alikiri kwamba alijua. "Nilidhani utaweka nyimbo tu, dada. Nyimbo si zinapatikana?"

Nyie mnaonisoma, nawasihi. Bei ikiwa ndogo mno, jiulize muuzaji amepunguza nini. Ijaze kwanza, uijaribu, usije ukacheka kama mimi. Na cha mtu unayempenda usikiweke mahali pamoja tu, hata diski iwe ya dhahabu.

Odeta tunasalimiana, basi. Mtoto wake anakua, na akimbembeleza humpigapiga mgongoni kimya kimya. Nimemwomba amwimbie wimbo wowote. Anasema wake upo, dada anao.

Fundi alifanikiwa kuokoa kipande kidogo cha mwisho wa lile faili. Wimbo haumo. Kuna kikohozi, kisha sauti ya mama. Nikiwa peke yangu kibandani huwa naisikiliza...

"Umeshauweka, mwanangu?"