Mwache Mama Amalize

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu. Fundi umeme mmoja, ovaroli yake ya buluu imetapakaa rangi, alikuwa amemwinamia mama yake kwenye kiti cha magurudumu.

"Mama, unaumwa wapi? Kichwa? Mguu? Au unataka maji?"

Mama, ambaye kiharusi kilimwachia maneno machache, alifungua kinywa, akakifunga. Machozi yakamlengalenga.

Nyuma yao alisimama dada mwenye sare ya kijani na hereni ndogo za dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wagonjwa majumbani. Alivumilia, akashindwa.

"Samahani, kaka. Maswali yote hayo kwa pumzi moja? Chuchumaa akuone uso. Uliza moja, halafu nyamaza."

Fundi alikunja uso, lakini akachuchumaa. "Mama, nini kinakusumbua?"

Dada akainua kidole: subiri. Watu wakaanza kuguna.

"Vi... atu," mama akasema.

Vilikuwa vinambana. Fundi alipomvua, mama alishusha pumzi, akatabasamu. Fundi akamgeukia dada wa sare, moyo ukimwenda mbio, asijue kama ni shukrani au ni kitu kingine.

Aliomba namba "kwa ajili ya mama". Wiki ya kwanza alipiga kuuliza namna ya kuzungumza na mgonjwa. Wiki ya pili mama alitajwa mara moja tu.

"Mama hajambo?" dada alimtania.

"Hajambo. Mgonjwa ni mimi."

"Pole. Unaumwa wapi?"

"Hapa ninapoisikia sauti yako."

Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Ikapita miezi sita ya simu za mchana na matembezi ya Jumapili, dada akiwa ndani ya gauni la njano lililomfanya fundi asahau njia. Kisha siku moja fundi akapiga, anahema.

"Mpenzi, nimeitwa kazini mji mwingine, miaka miwili, na..."

"Nenda basi. Mimi ni nani nikuzuie?"

Akakata. Yeye aliyewafundisha wenzake kusikiliza, hakupokea tena simu ya fundi, wala hakufungua ujumbe wake hata mmoja. Usiku alilia, asubuhi akanawa uso akaenda kazini.

Siku ya kumi simu yake iliita: namba ya mama wa fundi.

"Mwa... nangu."

Dada alitaka kumalizia: ameanguka? Anaumwa? Akajiuma ulimi, akangoja.

"Ali... kataa. Kazi. Ali... kataa." Dada hakumharakisha. "Anataka... kukuoa."

Dada akachukua mkoba wake. "Yuko wapi, mama?"

"Duka... la vita... mbaa."

Alimkuta juu ya ngazi, nyaya shingoni, duka zima giza.

"Shuka," alisema. "Siku ile nilikukatiza maneno. Nisamehe. Ulisema miaka miwili, na... na nini?"

Fundi alishuka taratibu. "Na nimewaambia siendi. Nilitaka kukuuliza kama utakubali nikuoe."

Dada alimtazama tu. Fundi akazivuta nyaya shingoni.

"Sema neno, basi. Unaniua."

"Nilikuwa nangoja umalize," dada alisema, machozi na kicheko vikimjia pamoja. "Nimekubali."

Alimkumbatia hivyo hivyo na nyaya zake. Mwenye duka akakohoa, akauliza kwa upole taa zitawaka saa ngapi. Hakuna aliyemsikia.