Nyumba ya Zenon Ndani ya Kompyuta

Mshale ndio ulioanza kuchelewa. Evodia alisogeza kipanya, mshale ukabaki palepale, kisha ukafuata kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.

Ilikuwa 2004, katika duka la kuchapa barua pale Izia, Sumbawanga. Baba yake, Zenon, alilifungua baada ya shirika alilolitumikia kubinafsishwa na yeye kupunguzwa kazi. Alipofariki, Evodia na mama yake, Bertilla, waliendelea nalo. Kila asubuhi Evodia alifungua kompyuta kwa jina la baba yake na neno lake la siri, kwa kuwa kazi za wateja zilikuwa humo.

Bertilla hakupenda. Katika ukoo wao, jina la marehemu hukaa bila mtu mpaka wazee wapike pombe ya ulezi na kumtaja mrithi. Pombe ilikuwa haijapikwa. Ulezi wa Mpui, kijijini kwao, uliharibika shambani mwaka ule.

"Kila siku unajiita baba yako," alisema.

"Mama, nachapa tu. Mashine inajua matanga?"

Wateja walipoanza kuhamia duka la jirani, mama na binti wakamwita fundi Kornel.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtazame mgonjwa wetu."

"Baba aliweka Linux badala ya Windows," Evodia alisema. "Usiniambie hujawahi kuiona."

"Afadhali hiyo. Haifichi kitu."

Kornel alidhani kumbukumbu imejaa. Akazima madoido ya skrini, akaweka mandhari nyepesi zaidi. Menyu bado ilifunguka taratibu, mstari kwa mstari. Akaandika amri ya kuorodhesha programu zinazofanya kazi. Juu kabisa kulikuwa na moja iliyokula nguvu yote ya mashine. Mwenyewe: zenon. Mahali pa jina la programu palikuwa patupu.

Akaiua. Ikarudi. Akamtoa Evodia kwenye mfumo ili asibaki mtu yeyote aliyeingia kwa jina la Zenon, lakini ule mstari uliendelea kuwepo, na diski ikaanza kukwaruza kama jiwe linalosaga ulezi, na harufu ya pombe iliyochachuka ikajaa dukani.

"Mama, umepika?" Kornel alinong'ona.

"Nani apike? Ulezi uko wapi?"

Kornel akafuta jasho, ingawa upepo wa mlangoni ulikuwa wa baridi. "Namfungulia Evodia jina lake, nahamisha kazi. Huyu wa zamani namfuta, pamoja na nyumba yake."

"Nyumba gani?"

"Folda yake, mama. Sisi tunaiita nyumba."

"Usimfukuze kabla ya pombe."

"Mama, tutakula nini?" Evodia alisema. "Futa, kaka."

Kornel akafuta. Diski ikanyamaza. Menyu ikafunguka kabla hajainua kidole.

"Inakimbia!" akacheka.

Evodia aliketi na mkono juu ya kipanya, na mama yake alipomwita hakugeuka, na alipomwita tena kichwa kiligeuka muda mrefu baada ya sauti kwisha, kidogo kidogo, macho yakifuata nyuma ya uso, huku ndani ya kinywa kilichofumbwa meno yakisagana kwa mkwaruzo uleule uliokuwa kwenye diski, na harufu ya pombe ikimtoka yeye, ambaye hakuwahi kuionja.

"Evodia! Mwanangu!"

Kornel akainama mbele yake. "Mzee Zenon?"

"Naam," Evodia akajibu papo hapo.

Bertilla akamshika fundi shati. "Mrudishe kwenye mashine."

"Nimeshafuta, mama. Huku hana nyumba tena."

Mavuno yaliyofuata wazee walipika pombe, wakamteua Flavian, mpwa wa marehemu. Walimketisha mkekani, Evodia akaketi pembeni, ameshikwa na mama yake. Pombe ikamwagwa. Mzee akaita jina la Zenon mara moja, kwa sauti.

Flavian akafungua kinywa. Aliyeitika ni Evodia.