Mstari Mweupe kwenye Mashua ya Mchanga

Kila asubuhi kabla ya shule, Brashi alimbebea baba yake makopo ya rangi hadi kwenye gati la mto. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Wenzake darasani ndio waliombandika, kwa kuwa hakukosa doa la rangi, kama si sikioni basi kwenye sketi. Kazi ya baba yake ilikuwa kupaka alama za vyombo. Hakuna chombo kilichoruhusiwa kuvuka mto kabla mkaguzi hajakipima na baba hajakipaka mstari ubavuni: mweupe kwa chombo cha abiria, mweusi kwa cha mizigo, mwekundu kwa cha uvuvi. Wavukaji wengi hawakujua kusoma, lakini rangi waliijua.

Brashi aliruhusiwa kuandika majina ya vyombo tu. Mstari aliupaka baba mwenyewe, na jambo hilo lilimkera sana msichana huyu wa miaka kumi na miwili, ambaye mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Siku moja aliuliza usumbufu wote huo ni wa nini, wakati vyombo vyote vinaelea.

"Mbuzi na mbwa wote wana miguu minne," baba alimjibu. "Haya, nenda kamkamue mbwa utuletee maziwa ya chai."

Kisha akamweleza taratibu. Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja, mashua huundwa kwa mbao zilizounganishwa. Tishari halina injini, hukokotwa na chombo kingine. Kivuko kina sakafu pana ya kupakia magari. Lakini umbo peke yake halitoshi, lazima uangalie na kazi ya chombo. Mashua ya abiria ina mabenchi, kingo ndefu na maboya ya kujiokolea. Ya mchanga ina sakafu tupu na kingo fupi, ili wapakuaji wasisumbuke na makoleo yao.

"Mchanga ukishamwagwa umelala," baba alisema. "Watu hawalali. Samaki akiruka kushoto, wote wanakimbilia kushoto kumtazama, na mashua inawafuata."

Brashi alicheka, akaona ameelewa. Kusikia si kuelewa, lakini nani angemwambia?

Wiki hiyohiyo baba alishikwa na homa, akalala. Mjomba, mdogo wake mama, akaja kumjulia hali. Alikuwa na mashua ya mchanga iliyokaa bila kazi tangu ujenzi ng'ambo usimame. Alipomaliza kutoa pole alimwita Brashi uani, akamweleza kwamba siku ya soko abiria huwa wengi kuliko vyombo. Alihitaji mstari mweupe tu, tena kwa muda.

"Baba yako anakuona mtoto," mjomba alisema. "Mimi naona fundi. Au nimekosea?"

Hapo ndipo alipompatia. Nyumba nzima ilimpenda mjomba kwa ulimi wake mtamu, na Brashi alikuwa na njaa ya kuitwa fundi. Jioni, walinzi wa gati walipokwenda kula, alichukua brashi ya baba na kufunika mstari mweusi kwa rangi nyeupe. Ulinyooka vizuri mno. Alirudi nyumbani akitembea kama mwenye gati.

Siku ya soko baba alipata nafuu, akaketi kwenye kiti karibu na stoo ya rangi, blanketi mabegani. Gati lilifurika watu na vikapu. Mkaguzi alisimama langoni akiruhusu vyombo kimoja kimoja. Ilipofika zamu ya mashua ya mjomba aliutazama mstari, hakuitazama mashua. Kwa miaka mingi mstari wa baba haukuwahi kumdanganya.

Watu wakaanza kupanda, wakisimama wamebanana pale ambapo pangekuwa na mabenchi. Brashi aliona maji yakipanda ubavuni kila mguu ulipoongezeka, akajipa moyo kwamba safari ni fupi. Ndipo akamwona Mapengo, rafiki yake wa darasani, akimwongoza bibi yake asiyeona.

"Ina mstari mweupe?" bibi aliuliza.

"Mweupe kabisa, bibi. Inua mguu."

Brashi alimwogopa mjomba, alimwogopa baba, na zaidi ya wote alimwogopa mama, ambaye hakuwa na ndugu mwingine. Lakini bibi alikwisha kuinua mguu. Brashi akamshika kanga, akamvuta nyuma, na kumwambia mkaguzi kwa sauti iliyosikika gati zima kwamba ile ni mashua ya mchanga.

Mjomba alicheka, akasema mtoto amechoka na jua. Alama ni ya shemeji yake, na shemeji yake yule pale, aulizwe. Watu wote wakamgeukia baba.

"Baba hakupaka," Brashi alisema. "Nimepaka mimi."

Mkaguzi alitoa kisu, akakwangua. Chini ya weupe, weusi ukatokea. Akaamuru watu wote washuke.

Usidhani walishukuru. Walishuka wakilaani, maana vyombo vingine vilikwisha jaa na soko lingewapita. Muuza nyanya alimwambia Brashi usoni kwamba ana kiherehere. Mapengo aliondoka na bibi yake bila kuaga. Hakuna aliyeshukuru kwa sababu hakuna aliyezama.

Mashua ya mjomba ilifungiwa. Na mkaguzi, bila ukali, alimwambia baba akabidhi ufunguo wa stoo. Brashi alijaribu kumtetea, akasema kosa ni lake peke yake. Mkaguzi akamjibu kwamba watu walipanda kwa kuamini brashi ya baba yake, na sasa kila mstari kwenye gati lile utabidi ukwanguliwe, uangaliwe upya.

Nyumbani, mama alipakua chakula. Mjomba alikwisha pita, akasema hatakanyaga tena mlango ule. Brashi alimfuata baba uani, akamwomba amchape, amalize.

Baba alimketisha kando yake.

"Nikikuchapa utaona tumelipana," alisema. "Hatujalipana. Chombo huitwa kwa kile kinachoweza kubeba, hakiitwi kwa kile mwenyewe anachotamani kibebe. Ndiyo maana mstari haupakwi kwa kumpendeza mtu, hata awe mjomba. Na wewe ulitaka kuitwa fundi kwa sababu mkono wako umenyooka. Fundi ni yule anayejua ni nani atakayepanda akiamini kazi yake."

Brashi alilia. Baba akamwacha alie, kisha akaendelea.

"Umechelewa kusema, mwanangu, na kuchelewa kwako kumenitoa kazini. Sitakuficha kwamba nimeumia. Lakini kazi hutafutwa. Ungechelewa kidogo tu zaidi, leo ningekuwa nakufundisha haya tukiwa msibani kwa kina Mapengo."