Mashati ya Wenye Vitambi

Suruali ya Salum ilichanika kwenye kituo cha mabasi cha Braamfontein, saa ya wanafunzi kutoka madarasani, pale aliporusha mguu kuliwahi basi. "Yarabi toba!" akapiga ukelele, akakinga mkoba wa kompyuta nyuma, na basi likamwacha.

"Kaka, usigeuke," ikasema sauti ya mwanamke kwa Kiswahili. "Simama vile vile. Niko na pini."

Ndivyo walivyojuana. Mwenye pini aliitwa Masika, mzaliwa wa Butembo, fundi cherehani aliyeshonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya mjomba wake, huko Bertrams. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha rangi ya papai na kilemba cheusi, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu. Salum alikuwa wa Tanga, mrefu, mwembamba wa kuhurumiwa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza simu na tovuti katika duka dogo hapo hapo Braamfontein. Jioni hiyo hiyo alimpigia Masika, kwa namba aliyopewa pale kituoni.

"Ni mimi. Yule wa pini."

"Weye wa suruali! Imepona?"

"Suruali imepona. Mwenyewe ndiye mgonjwa."

Masika akacheka mpaka akaweka chini mkasi. Msimu wa baridi ulipoingia walikuwa wapenzi, na Salum akamjengea tovuti kwa mapenzi tu. Humo walitia kila kitu: magauni, mapazia, sare za shule, vitambaa vya meza. Hakuna aliyepiga simu, isipokuwa mtu mmoja aliyekosea namba.

"Mshika mbili moja humponyoka, bibie, nawe umeshika ishirini," Salum akamwambia. "Mtandaoni anayeuza kila kitu haonekani. Chagua kitu kimoja, kwa watu wa aina moja. Mtu akifungua tu aseme, lo, hapa nimetajwa mimi."

Masika akafikiri, uzi mdomoni. "Wanaume wenye vitambi."

"Wenye nini?"

"Vitambi, chéri. Kila Jumapili kanisani niko naangalia kifungo cha chini. Mbele ya pasta kusema amen, kimeshafunguka. Wanaenda dukani, wanapewa shati kubwa, shingo kubwa, mabega yanaanguka. Lakini mtu iko na tumbo, haiko na shingo ya ng'ombe! Mimi nitakata mbele ndefu kupita nyuma. Akikaa, haipandi."

Salum alicheka mpaka machozi, kisha akaandika juu kabisa ya tovuti maneno aliyotajiwa na Masika: *Kitambi si kosa. Kosa ni shati.* Maskini, hakujua anachokikaribisha.

Wakaja! Wakaja kutoka Doornfontein, wakaja kutoka mitaa ambayo Salum hakuwahi kuikanyaga. Wenye maduka, wachungaji, madereva wa malori, wanaume walioingia mlangoni kwa ubavu wakinukia manukato. Na kitambi, msomaji, hakipimwi kwa mbali. Lazima fundi amzungushie mteja mikono yote miwili ndipo ncha za futi zikutane. Salum, kwenye kochi na kompyuta yake, alihesabu kila mzunguko kuwa ni kumbatio.

"Achilia pumzi, papa," Masika angemwambia mteja. "Usilifiche. Tumbo ni heshima."

Eish! Salum akatazama tumbo lake lililobonyea kama sahani. Yeye hajawahi kuambiwa ana heshima.

Aliyemkera zaidi alikuwa Damien, mjane wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa suti ya bluu na viatu vya rangi mbili. Huyu alipiga simu kila wakati wa chakula, na Masika, mikono ikiwa kwenye cherehani, aliiacha simu iseme kwa sauti ya wote kusikia.

"Masika wangu! Lile shati jeupe linanirudisha ujana!"

"Merci, papa Damien. Kesho uje, nipime tena kifua."

Simu ilipokatwa, Salum akauliza, "Masika wake tangu lini?"

"Ni mteja."

"Mteja husema fundi wangu."

"Uko na wivu, chéri?"

"Mimi? Wa nini?" akasema Salum, akamega tonge kubwa kuliko kinywa chake.

Kesho yake, dukani, akafungua tovuti ile na kufanya jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Akaweka mapazia juu. Chini ya mapazia magauni ya harusi, kisha sare za shule, kisha vitambaa vya meza. Mashati ya wenye vitambi akayasukuma chini kabisa, mahali pa kuonwa na aliyeelekezwa tu. Juu akaandika, *Masika, tunashona kila kitu.* Wala hakumwambia Masika.

Wanaume wakakatika. Masika akaanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe. "Labda wanaambiana nashona vibaya," akalia begani kwa Salum. Salum akamfuta machozi. "Biashara ndivyo ilivyo, mpenzi." Yalimchoma machozi yale, lakini hofu ya kumwona Damien tena ilimchoma zaidi, akaiacha tovuti vile vile.

Jumamosi moja Damien akabisha mwenyewe, nyuma yake rafiki mnene kumpita.

"Madame, juu ya nini umetuacha? Namwonyesha rafiki tovuti yako, tunakuta mapazia. Mimi sivai mapazia!"

Masika akachukua simu, akasoma kuanzia juu mpaka chini kabisa. Akampima yule rafiki bila kukosea, akawasindikiza wote wawili hadi nje. Kisha akageukia kochi. Nenosiri la tovuti lilijulikana na mtu mmoja tu.

"Ni weye."

"Masika, nisikilize..."

"Nimelia kwa bega lako. Ulikuwa unajua."

"Nilishikwa na wivu! Wallahi yule mtu anakutaka!"

"Ananitaka, ndiyo. Aliniambia siku ya shati la kwanza. Nikamjibu niko na mtu, mwembamba, wa Tanga, ndiye alinijengea tovuti. Nikakusifu, Salum! Akasema sawa, akaendelea kuleta vitambaa. Yeye aliweza kukubali. Weye ukashindwa." Akafungua mlango. "Toka."

Salum aliirudisha tovuti kama zamani siku hiyo hiyo, akamtumia nenosiri na maelekezo ya kulibadilisha ili hata yeye asiweze kuingia. Simu zake hazikupokewa. Akabaki kuitazama tovuti kwa nje kama mtu yeyote. Masika alikuwa amejifunza kuweka picha mwenyewe, na kila picha ilikuwa ya mwanaume mnene anayetabasamu. Siku moja Salum akajaribu lile nenosiri la zamani. Likakataa. Akaona haya ingawa alikuwa peke yake.

Ndipo Masika akapiga, sauti kavu. "Picha zimekataa kupanda. Njoo."

Salum akavuka mbio hata penye robot nyekundu, taa za barabarani. Alimkuta Masika katika gauni la kijani lililomshika kiuno, chumba kimejaa wateja. Masika akaigeuza kompyuta upande wake, akaingiza nenosiri, ndipo akamsogezea. Picha iliyogoma ilikuwa ya Damien, ndani ya shati la zambarau. Salum akaipunguza ukubwa, akaipandisha, akaitazama.

"Amependeza," akasema. "Limemkaa."

"Linakuuma?"

"Linaniuma sana."

"Vizuri. Leo hausemi uongo."

Masika akampima mteja wa mwisho mbele ya Salum, taratibu, mikono yote miwili. Salum hakuinuka. Wateja walipotoka, Masika akamwekea chai mbele yake, akaketi kumkabili.

"Nimekukosa, Salum. Lakini nenosiri sikupi."

"Sawa."

"Hata tukioana."

Salum akaweka kikombe chini. "Na unajua yatakuwepo maneno. Kanisa, msikiti, mama yangu..."

"Hayo tutagombana polepole. Niambie hili kwanza. Unalitaka nenosiri?"

"Nalitaka."

"Basi?"

"Siombi."

Masika akamkazia macho, kisha akageuza shingo kuelekea chumba cha ndani.

"Mjomba! Njoo kidogo. Kuko mtu anataka kusema na weye."