Mtaro Chini ya Nailoni

Kila asubuhi ya likizo ya Pasaka, Muireann aliwanywesha ndama kabla ya kunywa chai yake. Alikoroga maziwa ya unga katika maji ya uvuguvugu, akajaza ndoo, kisha akawaita ndama mmoja mmoja kwa jina. Spideog, mdogo kuliko wote, alipenda kuendelea kunyonya kidole chake hata baada ya ndoo kukauka. Siku hiyo kidole kilikuwa bado mdomoni mwa Spideog gari jeupe lilipoingia uani na kusimama kando ya tangi la maziwa.

Alishuka mwanamke aliyevaa buti za mpira, faili mkononi.

"Hujambo, binti. Naitwa Treasa, natoka wizara ya kilimo. Nimekuja kukagua kwa ajili ya ile ruzuku ya sola. Baba yupo?"

Muireann aliitikia kwa kichwa tu.

Aliijua ruzuku ile. Yeye ndiye aliyemsomea barua bibi yake, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Serikali ingelipa zaidi ya nusu ya gharama ya paneli za kuwekwa juu ya banda la kukamulia. Lakini kulikuwa na sharti moja, limeandikwa kwa herufi nzito: kazi yoyote isianze kabla ya barua ya idhini kufika.

Barua ya idhini haikuwa imefika. Na Jumamosi iliyopita Baba aliazima katapila dogo la jirani, akachimba mtaro wa nyaya kutoka bandani hadi kwenye mita ya umeme. Ulikuwa na kina cha kumfikia Muireann kiunoni.

"Nikingoja barua, msimu wa kukata nyasi utanikuta," Baba alisema siku ile. "Wakati huo hakuna mtu wa kukuazima hata koleo."

Jioni woga ulimwingia Baba. Aliufunika mtaro kwa nailoni nyeusi na kupanga matairi chakavu juu yake, kama kila mfugaji wa pale anavyofunika majani ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi. Muireann alimsaidia kusukuma matairi. Hata Bibi hakuambiwa.

"Akija mtu, hatujaanza kitu. Umenielewa?" Baba aliuliza bila kumtazama.

Alielewa. Umeme wa kupoza maziwa ulikuwa ghali mno, na Baba alikuwa ameshasema mezani kwamba mwaka mwingine kama huu utamlazimu kuuza ng'ombe. Muireann aliwakumbuka ng'ombe wa jirani yao Ó Loinsigh. Lori lilipowachukua, vilio vya ndama vilisikika hadi mwisho wa barabara. Kisha kimya. Kimya kile ndicho kilichomtisha zaidi.

Baba, Donncha, alitoka bandani akijipangusa mikono. Alikuwa akitabasamu, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Bibi akaita kutoka mlango wa jikoni. "Donncha, mgeni amesimama uani kama nguzo ya uzio na hujampa hata chai? Umelelewa na nani wewe?"

"Na wewe, Mama."

"Basi kazi yangu niliiharibu."

Treasa alicheka, kisha macho yake yakaangukia kwenye matairi. "Majani mnayahifadhi karibu na mita namna hii?"

"Ni mabaki kidogo tu," Baba alijibu haraka.

Treasa aliandika kitu katika faili.

Wakati huo Bibi akatokea na sinia la chai. Kwa miaka hamsini alikuwa amekata njia ileile kutoka jikoni hadi bandani, na miguu yake haikuhitaji macho. Alikuja moja kwa moja kuelekea kwenye nailoni. Muireann alimtazama Baba. Baba alikuwa ameona. Mdomo wake ulifunguka, lakini hakusema neno.

"Bibi, simama," Muireann alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. Bibi hakusikia. Buti lake liligusa tairi, akalikwepa, akainua mguu.

"Bibi, simama! Kuna mtaro!"

Bibi akasimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya nailoni, na nailoni ikabonyea. Kikombe kiliteleza kutoka kwenye sinia, kikapita ukingoni mwa nailoni na kutumbukia mtaroni. Ilipita nafasi ya pumzi moja kabla hakijasikika kikivunjika chini.

Baba alimrukia mama yake, akamvuta nyuma na kumkumbatia.

"Mtaro wa nini?" Treasa aliuliza taratibu.

Muireann alimgeukia. "Wa nyaya za sola. Ulichimbwa Jumamosi. Na mimi nilisukuma matairi."

Treasa aliinua nailoni, akachungulia, akapiga picha. "Na paneli ziko wapi?"

"Sijanunua hata moja," Baba alijibu kwa sauti ya chini. "Paa sijaligusa."

Treasa aliandika kwa muda mrefu. Muireann alihesabu matairi ili asilie.

"Mtaro huu hautalipiwa," Treasa alisema hatimaye. "Uuondoe kwenye maombi, na uandike kwa mkono wako kwamba ulianza mapema. Mengine nitayapendekeza. Lakini kama ningeondoka bila kujua, halafu ukaonekana baadaye, ungekosa yote."

Bibi aliketi juu ya tairi, bado amelishika sinia. "Umesikia, Donncha? Ukimfundisha mtoto kunyamaza kuhusu shimo, siku moja atanyamaza wakati wewe ndiye unalikanyaga."

Gari lilipoondoka, Baba alikwenda kwenye banda la ndama, akachuchumaa kando ya Muireann. Spideog alimnusa mfukoni.

"Nilikwambia useme hatujaanza kitu," Baba alisema. "Nilichotaka kusema ni kwamba ninaogopa, mwanangu. Ninaogopa sana kuwauza."